Mgonjwa wa Wifi

Binti ndiye aliyelisoma daftari kwa sauti, na hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na miaka kumi, alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma mwandiko wa kuunganisha, na karatasi yoyote iliyomwangukia mikononi ilisomwa, iwe risiti ya dukani au maelezo ya dawa ya mbu.

"Mteja," alisoma, kidole kikifuata mstari. "Mwanamke. Miaka thelathini na minne. Dobi. Ana mume na mtoto mmoja. Hupiga pasi shuka moja mara mbili. Husema peke yake anapofua. Huchungulia mume wake akiwa amelala. Mkaidi. Hana habari kwamba ana tatizo."

Mama yake alisimama na pasi mkononi. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, kwa kuwa ndiye aliyefua na kunyoosha mashuka ya nyumba mbili za wageni, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa meza moja ndefu, vikapu na joto. Aliiweka pasi kwenye kisahani chake. Akamtazama wifi yake, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha akichonga penseli.

"Wifi, huyo dobi ni nani?"

"Ni mfano tu," wifi alijibu bila kuinua kichwa. "Kila mwanafunzi anatakiwa amchunguze mtu mmoja kwa miezi mitatu na kumwandikia ripoti. Majina hatuandiki. Ni siri ya kitaaluma."

"Siri gani hiyo mtoto anaisoma sebuleni?"

"Unaona hasira hiyo?" wifi alisema kwa upole, na upole ndio uliochoma. "Sikulaumu. Mtu akiguswa penye kidonda lazima ashtuke."

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume. Alikuwa karani wa ghala hadi ghala lilipofungwa, na tangu hapo alikaa chumba cha nyuma cha nyumba hiyo waliyoachiwa na baba yao. Mwaka huo alijiandikisha kozi ya jioni: saikolojia na magonjwa ya akili, hatua ya kwanza. Aliianza kama mtu aliyepewa nguo mpya baada ya miaka ya mitumba. Wiki ya kwanza walifundishwa habari za mbwa aliyezoeshwa kudondokwa mate kengele ikilia, na kwa siku nne wifi alimwita binti kwa kugonga kijiko kwenye kikombe, akija anapewa biskuti. Siku ya tano kijiko kiligongwa, biskuti haikutoka, na wifi akaandika jinsi mtoto alivyosimama pale akimeza mate. Wiki iliyofuata alikuja na nafsi tatu zinazogombana ndani ya mtu, moja ya tamaa, moja ya busara, moja ya dhamiri, na akamgawia kila mtu wa nyumbani nafsi yake inayomtawala. Mama Pasi alipewa ya tamaa, kwa sababu ya sukari kwenye chai.

Yote hayo walikuwa wameyacheka. Jioni ile Mama Pasi hakucheka. Alimgeukia mume wake ili amsaidie neno, akamkuta kama alivyokuwa amemwacha nusu saa iliyopita: amekaa kwenye kigoda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anaitazama soli.

"Baba Binti, umesikia yaliyosomwa?"

"Nimesikia," alisema. Kisha baada ya muda, "Amesoma vizuri."

*

Mume alifanya kazi kiwanda cha saruji, kwenye mizani ya malori. Alikaa ndani ya kibanda cha vioo kando ya lango, lori likapanda, akasoma namba, akaandika, akagonga muhuri, akainua mkono, likashuka. Miaka kumi na mitatu hakuwahi kukosea kilo moja, na ndiyo maana madereva walimwita Mizani, na jina likamfuata mpaka nyumbani.

Mama Pasi alimpelekea chakula kila mchana. Zamani alikuwa akimkabidhi bakuli na kurudi kwenye mashuka yake. Miezi hii alikuwa anasimama mpaka amwone anameza. Alikuwa ameyaona mambo moja moja, kama mtu anayeona nyumba ikinyonya maji. Kwanza usingizi ulimpotea. Halafu akaacha kuimba akioga. Akawa anachukua robo saa kufunga kamba za viatu. Akampa mlinzi wa lango baiskeli yake, bure, akasema haihitaji. Alikuwa akifungua bomba na kuiacha ndoo ifurike, naye amesimama anatazama. Na asubuhi tatu alimsikia maliwatoni, maji yanamwagika kwa nguvu, na chini ya sauti ya maji kulikuwa na kilio cha mtu anayejiziba mdomo.

Mchana mmoja alikuta malori manne kwenye foleni na madereva wamekasirika.

"Shemeji!" mmoja alimpigia kelele kutoka dirishani. "Mwambie mzee lori langu ni lilelile. Amelipima mara tatu! Anadhani nimelijaza mawe?"

Wengine wakaangua kicheko. Mama Pasi aliingia kibandani. Mume wake alikuwa na jasho kwenye mdomo wa juu, na mbele yake vipande vitatu vya karatasi vilikuwa na namba ileile.

"Namba haibaki kichwani," alimwambia. "Nikiiandika najiuliza kama nimeiandika."

"Twende hospitali."

"Niseme naumwa wapi?"

"Sema hulali. Sema huli."

"Nimechoka, mama. Lakini mwili haujachoka. Nitamwambiaje daktari hivyo? Atanipima presha, atanicheka." Aliinua mkono, na lori likashuka. Alipougeuza uso wake, mke aliona kwamba amenyoa shavu moja tu. "Usimwambie mtu. Wakijua hapa, kesho kibanda kina mtu mwingine."

*

Alimwambia mtu mmoja. Alifikiri, na hilo ndilo alilokuja kujilaumia kwa muda mrefu, kwamba kama nyumba ina mtu anayesomea ugonjwa huo, basi huyo ndiye wa kuambiwa. Alimfuata wifi chumbani mwake siku ya Jumamosi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamweleza yote, toka baiskeli mpaka maliwatoni.

Wifi alisikiliza. Alikuwa ameshika kalamu. Mama Pasi alipomaliza, alikuwa ameandika ukurasa mzima.

"Hii ina jina lake," wifi alisema. "Inaitwa kurusha. Mtu ana jambo linalomsumbua ndani, hawezi kulikubali, basi analirusha kwa mwenzake. Anaapa kabisa kwamba analiona kwa mwenzake. Wewe ndiye usiyelala, wifi. Mtu aliyelala anajuaje kwamba mwenzake yuko macho?"

"Siwezi kulala kwa sababu yeye halali!"

"Sawa. Na hiyo inaitwa kuhalalisha."

"Wifi, tuache vitabu kidogo. Ni ndugu yako. Mtazame tu. Mtazame anavyokula."

"Nimemlea mimi. Nimjue mimi au unijulishe wewe?"

Mama Pasi alikuwa ameapa kutolisema lile lililofuata. Lilimtoka. "Na mama yenu je? Si alianza hivihivi? Si mlimfungia chumba hikihiki kwa nje mpaka akafa?"

Kofi lilimpata shavuni kabla hajamaliza. Halikuwa kofi kubwa. Wifi mwenyewe alilishangaa, akautazama mkono wake, kisha akauficha chini ya daftari.

"Mama yetu alikuwa na malaria iliyopanda kichwani," alisema kwa sauti iliyokauka. "Ukoo wetu hauna ugonjwa huo. Umenielewa? Ukoo wetu hauna."

Jumapili akamwita baba yao mdogo.

*

Baba mdogo alikuwa fundi seremala mstaafu, mtu wa maneno machache aliyependa mambo yaishe kabla chai haijapoa. Alikaa kiti chenye mikono. Mume alikaa kwenye kigoda, Mama Pasi kwenye kikapu cha mashuka kilichopinduliwa, maana viti vilikuwa viwili tu na kile cha pili kilikaliwa na wifi na makaratasi yake.

"Nimeambiwa kuna mgonjwa hapa," baba mdogo alisema. "Mwanangu, unaumwa?"

Mume aliinua macho. Mama Pasi alimwona akijikusanya, kama mtu anayeinua gunia peke yake.

"Sijambo, baba."

"Unalala?"

"Nalala."

"Basi huyu hana kitu. Mwanaume akichoka na kazi amechoka na kazi, mimi nilichoka miaka arobaini." Akamgeukia Mama Pasi. "Wewe, mkwe, kwa nini unamtangazia mume wako wazimu?"

"Sijamtangazia, baba. Nimemwambia wifi. Naomba apelekwe hospitali, basi. Wakisema hana kitu nitapiga magoti hapa niwaombe radhi wote."

"Anarudia jambo moja," wifi alimnong'oneza baba mdogo, kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Fikra ikishakwama hairudi nyuma. Ukimpinga inazidi. Halafu kuna mashuka. Anapiga pasi shuka moja mara mbili."

"Nanyunyizia maji napiga tena! Ndivyo pamba inavyonyooshwa!" Na hapo, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa la kipuuzi mno, Mama Pasi alicheka. Kicheko kilimtoka chote, mpaka akajishika kifua.

"Mnaona," wifi alisema taratibu. "Anasema mume wake ni mgonjwa, na anacheka."

Kicheko kilikatika. Macho yakamjaa machozi.

"Na sasa analia."

Baba mdogo aliitazama chai yake kwa huzuni. "Mpelekeni yeye," alisema. "Mwanangu, unasemaje? Ni mke wako."

Mume alikuwa anatazama sakafu. "Fanyeni mnavyoona."

Usiku haukuwa umeingia bado walipobaki wawili chumbani mwao. Mama Pasi alikaa bila kuwasha taa. Alikuwa anangojea aseme kitu, chochote, na mume aliposema alisema kwa sauti ndogo sana.

"Nisamehe. Wakikuangalia wewe, hawataniangalia mimi."

Angeweza kumpiga. Alitamani kumpiga. Badala yake aliinama akamfungua kamba za viatu, maana aliona ameshindwa, na akili yake ikaanza kupiga hesabu: huko kliniki kuna daktari. Nikimfikia, nitamwambia habari zako. Kwa hiyo alikubali kwenda.

*

Daktari hakuwapo. Alikuwapo tabibu kijana mwenye foleni ya watu sitini na feni mbovu, ambaye hakuwa mtu mbaya. Wifi aliingia chumbani pamoja na Mama Pasi, akaliweka kabrasha lake mezani kama mtu wa ofisi moja.

"Nasomea fani hii," alisema. "Nimemfuatilia kwa wiki tisa. Nimeandika kila kitu."

Tabibu alifurahi. Ni wachache wanaokuja wameandika kila kitu. Alipitisha macho, akachukua fomu.

"Unalala usiku, mama?"

"Silali. Mume wangu—"

"Halali," tabibu alijiambia, akaandika. "Una mawazo yanayojirudia?"

"Nina wasiwasi wa mume wangu. Naomba nikueleze, yeye ndiye—"

"Hilo ndilo nililokuambia," wifi alisema chinichini.

"Naona," tabibu alisema. "Mama, unasikia sauti ambazo wengine nyumbani hawazisikii?"

Mama Pasi alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na alikuwa amejiapiza kumjibu daktari kwa ukweli mtupu. "Namsikia mume wangu akilia maliwatoni. Wengine hawasikii."

Tabibu aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kidogo kuliko mwanzo. Kisha akampa kadi ya njano yenye namba, na vidonge vya aina mbili, vyeupe asubuhi, vya rangi ya waridi jioni, akamwambia wifi, si yeye, kwamba siku za mwanzo vitamlegeza.

Vilimlegeza. Ulimi ulikuwa kama kitambaa kilicholowa. Mikono ilitetemeka juu ya pasi, na wiki ya pili aliunguza shuka la nyumba ya wageni, alama nyeusi katikati, na mwenye nyumba akachukua vikapu vyake akawapa dobi mwingine. Alipojaribu kutema vidonge, wifi alikuwa amesimama mbele yake kila asubuhi na kikombe cha maji.

"Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Sasa kulia. Vizuri."

Alimsifu kila alipomeza, kwa sauti ileile aliyompa nayo binti biskuti. Binti alikuwa anasimama mlangoni na begi la shule, akitazama mama yake akifungua mdomo.

Na kwa kuwa mchana Mama Pasi alikuwa amelala, hakuna aliyempelekea mume chakula.

*

Watu wa kiwandani walikuja kumwita Mama Pasi saa saba mchana, siku ya Alhamisi. Mizani alikuwa amejifungia kibandani toka asubuhi. Malori kumi na saba yalikuwa barabarani, honi zikilia kwa pamoja, na yeye alikaa nyuma ya kioo, mikono juu ya mapaja, hageuki. Wengine walisema amelewa. Wengine walisema ameiba, anaogopa kukaguliwa. Mkuu wa zamu aliagiza mlango uvunjwe, na walinzi wawili walimkokota nje kwa kola ya shati, na mmoja alimpiga kibao ili azinduke. Suruali yake ilikuwa imelowa. Madereva, watu aliowapungia mkono miaka kumi na mitatu, walipanda kwenye ngazi za malori yao ili waone vizuri zaidi.

"Mizani imezidiwa!" mmoja alipaza sauti, na walicheka, maana lilikuwa neno la kuchekesha.

Mama Pasi alifika amevaa kanga kinyume, akipepesuka. Walimcheka na yeye pia. Alivua kanga ya juu akamfunga mume wake kiunoni.

Hospitalini, wodi ya dharura, muuguzi mwenye miwani alichukua maelezo. Alikuwa mwanamke wa makamo, makini, na swali lake la kwanza lilikuwa ndilo swali ambalo Mama Pasi alikuwa amelingojea toka mwanzo wa mwaka.

"Mambo haya yalianza lini?"

Alijua. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua. Alijua wiki, alijua siku ya baiskeli. Alifungua mdomo, na ulimi ukagoma.

"Mie... miezi... mie..."

Muuguzi alimwangalia machoni, kisha mikononi. "Mama, umekunywa nini?"

"Naye ni mgonjwa wetu," wifi alisema, aliyekuwa amewafuata mbio, akimpitia mbele. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa hofu na nywele zilikuwa ovyo. "Ana kadi ya kliniki. Ongea na mimi, mimi ni dada yake."

"Haya, dada. Yalianza lini?"

Wifi alimtazama ndugu yake kitandani. Ilikuwa kama mara ya kwanza kumwona. Alikuwa na kabrasha kwapani, kurasa mia na kitu, na hakuwa na hata mstari mmoja unaomhusu huyu.

"Juzi," alisema.

"Miezi saba!" Mama Pasi alisema, na safari hii ilitoka, nzito lakini kamili. "Miezi saba!"

Muuguzi aliandika "siku mbili".

Kwa ugonjwa wa siku mbili, hospitali ilimpa kitanda cha siku tatu. Walimpa dripu, walimpa vitamini, walimlaza kwa sindano akaamka akajua jina lake na siku ya juma. Kwenye karatasi ya kutoka paliandikwa uchovu wa kazi, apumzike nyumbani. Baba mdogo alisema, "Si niliwaambia?"

Alipumzika siku kumi na moja. Alikuwa mpole, alikuwa anajibu akiulizwa. Alikaa na binti akamfundisha kugawanya kwa tarakimu mbili. Mama Pasi alijitahidi asifumbe macho, alijifinya mapaja, alinawa maji ya baridi. Lakini wifi hakuruka kidonge hata kimoja, sasa alivitoa kwa bidii zaidi kuliko mwanzo, kana kwamba kuna kitu kingeanguka akiacha. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili Mama Pasi aliamka saa nne, jua liko usoni, na upande wa pili wa kitanda ulikuwa umetandikwa vizuri.

Walimkuta kesho yake, nyuma ya kiwanda. Mkuu wa zamu alikuja mwenyewe kutoa habari, kofia mkononi, na aliitoa habari hiyo kwa baba mdogo, uani, mbali na mke.

*

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu wamepungua na masufuria ya kuazima yamerudishwa, wifi aliingia chumbani kwa Mama Pasi bila kikombe cha maji. Alikaa chini sakafuni. Alikuwa amelia mpaka uso umebadilika.

"Ulijuaje?" aliuliza. "Niambie. Mimi nimesoma dalili zote. Nimezikariri. Kukosa usingizi, kukosa hamu, kugawa vitu, nimefanyia na mtihani, nimepata alama tisini na moja. Alikuwa anakaa mita mbili kutoka kwangu. Wewe ulijuaje?"

Mama Pasi alijibu polepole. Ulimi ulikuwa bado mzito.

"Nilikuwa namwangalia."

Wifi alijifunika uso. Alilia kwa sauti ya kitoto, na katikati ya kilio Mama Pasi alimsikia akisema habari za mama yao, mlango, kitasa, kwamba alikuwa na miaka kumi na mitano na ufunguo ulikuwa unakaa mfukoni mwake yeye. Mama Pasi hakumgusa, wala hakumfukuza. Vidonge havikuletwa tena toka siku ile, na hakuna aliyelizungumza hilo.

Wiki ya tatu baba mdogo akaja tena. Safari hii alileta wazee wengine wawili wa ukoo, na viti viliazimwa kwa jirani.

"Nyumba hii ni ya ukoo," baba mdogo alisema. "Hatumfukuzi mtu. Lakini mkwe ana kwao, na kwa hali yake ni vizuri awe karibu na watu wake. Hilo la kwanza. La pili ni mtoto."

"Mtoto anakwenda na mimi," Mama Pasi alisema.

"Tunaongea kwa utaratibu. Kuna kadi ya kliniki. Ina muhuri wa serikali, imeandikwa anasikia sauti. Sisi si wataalamu. Mtaalamu tunaye humu humu." Akamgeukia wifi. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma, na wewe ndiye uliyekaa naye. Huyu anaweza kulea?"

Mama Pasi alimtazama wifi yake moja kwa moja. Hakuwa na wasiwasi sana, kwa kweli. Alikuwa amemwona pale sakafuni.

Wifi alishika daftari kwa mikono miwili. Mtu aliyekuwa karibu naye angeona jinsi vidole vilivyokuwa vinalibonyeza. Kusema ndiyo lilikuwa neno moja tu, lakini nyuma yake kulikuwa na mengine: kama huyu ni mzima leo, alikuwa mzima jana. Na kama alikuwa mzima jana, basi aliyoyasema ya mume wake yalikuwa kweli, na kuna mtu aliyeambiwa, aliyekuwa na kalamu mkononi, akaandika ukurasa mzima. Wazee walikuwa wanangoja. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumngojea wifi aseme kitu, maisha yake yote.

"Kwa sasa," alisema, "hapana."

Mama Pasi hakulia. Hakucheka pia. Alikuwa amejifunza kwamba yote mawili huandikwa.

Alipewa mpaka Jumamosi. Aliitumia Ijumaa kunyoosha nguo zote za binti, za shule na za nyumbani, kila moja mara mbili, akinyunyizia maji. Jumamosi asubuhi alifunga pasi yake ndani ya shuka kuukuu, akatoka nayo hadi barazani. Wifi alikuwa amesimama pale, mkono wake juu ya bega la mtoto, hajui aangalie wapi.

"Anaogopa radi," Mama Pasi alimwambia. "Hataki kuambiwa, lakini anaogopa, kaa naye. Maziwa yanamsumbua tumbo. Na akinyamaza siku mbili tatu, wifi, usimtafutie jina. Mwulize."

"Nitamwuliza," wifi alisema.

Binti alikuwa amevaa soksi nyeupe, safi kabisa. Walikuwa wamemwambia kwamba mama anakwenda kutibiwa, akipona atarudi. Aliinua uso.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu."

Binti alimtazama mama yake kwa muda. Kisha akageuza macho kwa shangazi yake, apate kujua kama ni kweli.